Swali la Wangu kwa Mwandishi

"Wangu, usiingie. Nakuomba kama rafiki."

Valerie alikuwa amesimama katikati ya mlango wa ukumbi, mikono ameitandaza kama golikipa. Wangu alimtazama, akaitazama simu yake, akaisoma tena ile meseji iliyomkuta akiwa kwenye ngazi:

*Wangu, najua hunijibu. Ombi moja tu. Nikipanda kusoma, tafadhali usikae ukumbini. Nitakueleza baadaye. Okinyi.*

"Kwa hivyo na wewe amekutafuta?"

"Ameniomba nikuweke nje kidogo tu. Twende tukanywe chai."

"Kwani anasoma nini?"

"Hadithi. Si unajua watu wa fasihi na siri zao."

"Valerie, toka mlangoni."

"Ungekuwa huna haja naye, ungeenda kunywa chai."

"Ningekuwa nina haja naye, ningemjibu meseji. Toka."

Valerie akatoka. Walikuwa wameishi chumba kimoja hosteli tangu mwaka wa kwanza, na alijua sauti ya Wangu ikishuka hivyo hakuna la kujadili.

Ilikuwa siku ya wanafunzi wa shahada ya kwanza kuwasilisha utafiti na maandishi yao. Waandaaji walikuwa wamechanganya sayansi na fasihi ili watu wasisinzie: mmoja anakuja na mchoro wa mbu, anayefuata anasoma shairi. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi waliopiga pasi mpaka soksi, wahadhiri wenye kalamu mkononi, na wazazi waliotoka mbali, kila mmoja akiwa ameinua simu kumpiga picha mtoto wake hata kabla mtoto hajasema neno.

Mstari wa mbele kabisa, ndani ya suti yake ya kanisa, mkoba mapajani, alikaa mama yake Wangu. Jacinta alikuwa na duka la mapazia mtaa wa Kondele, na siku hiyo alikuwa amelifunga. Halikuwa jambo la mchezo. Duka lile halikufungwa hata siku alipong'olewa jino.

"Mama, mbona mapema hivi? Mimi bado."

"Nilitaka kiti cha mbele. Ukikaa nyuma unaona visogo tu. Kaa hapa. Umekula?"

"Siwezi kula, nina wasiwasi."

"Hiyo ni njaa. Shika ndizi."

Wangu alishika ndizi, lakini macho yake yalikuwa kando ya jukwaa. Pale, nyuma ya spika, alimwona Okinyi akipindua karatasi zake juu chini kama mtu anayetafuta ukurasa uliokimbia.

Walikuwa wamependana mwaka uliotangulia, katika maji. Wangu alisomea afya ya jamii, na utafiti wake ulikuwa kuhusu maji ya mtaa wa Nyalenda: yanatoka safi kwenye kituo cha kuchotea, kisha yanafika kikombeni yakiwa machafu. Yanachafukia wapi katikati? Ili kujua, ilibidi afuate mitungi kutoka bombani hadi mlangoni, na kubeba chupa za sampuli kwenye sanduku la barafu. Okinyi, kijana wa kijiji cha Katito aliyekuwa akisomea fasihi na kupanga chumba hukohuko Nyalenda, alijitolea kulibeba sanduku. Alisema anataka kuandika juu ya maji. Mpaka leo hajaandika hata sentensi moja kuhusu maji.

Kisha ikaja ile Jumapili. Wangu alikuwa amemwambia mama yake kwamba kuna mgeni. Mama akapika. Wangu mwenyewe akatumwa dukani kununua soda, akarudi, wakakaa. Wali ukapoa. Nyama ikaganda mafuta. Simu ya Okinyi ikawa imezimwa. Kesho yake alipopatikana, alisema neno moja tu:

"Nilishikika."

"Ulishikika na nini?"

"Na mambo."

"Mambo gani, Okinyi?"

"Wangu, nisamehe. Niache tu."

Akamwacha. Kama ni kuachwa ndiko alikotaka, basi achukue. Alilia kwa Valerie, akanawa uso, akarudi kwenye sampuli zake.

"Na sasa," alitangaza Daktari Waliaula, mhadhiri aliyekuwa akiongoza shughuli, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, "tunamkaribisha mwandishi wetu. Okinyi!"

Jacinta akamgeukia binti yake.

"Okinyi? Si ni yule..."

"Ndiye."

"Yule wa chakula?"

"Mama, shh."

"Wacha nimwone vizuri." Akafungua mkoba, akatoa miwani.

Okinyi alipanda, akashika maikrofoni, akainua macho. Akamwona Wangu. Kisha akamwona aliyekaa kando ya Wangu, akaishusha maikrofoni.

"Daktari," alisema, "naomba nibadilishe. Nisome shairi."

"Programu imechapishwa, kijana. Soma hadithi."

"Ni fupi, shairi."

"Okinyi, soma!"

Ukumbi ukacheka. Okinyi akasoma:

"*Kijana alimnunua jogoo sokoni, kwa sababu mama yake alimwambia mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Akamtia kwapani, akasafiri naye hadi mjini, na jogoo, ambaye hakuwa amewahi kuondoka kijijini, akawika njia nzima kana kwamba kila kilima kilikuwa alfajiri mpya.*"

Watu wakacheka tena. Wangu hakucheka. Ndizi ilikuwa bado mkononi, nusu imemenywa.

"*Alipofika kwenye geti la bluu alisimama kidogo ajifute vumbi viatuni. Msichana aliyempenda hakuwepo. Alikuwa ametumwa dukani. Ndani ya ua, mama mwenye nyumba alikuwa akizungumza na jirani yake. Kijana hakutaka kusikiliza. Lakini maneno hayana adabu, huruka ukuta. 'Nimempikia, sikatai,' mama alisema. 'Mgeni ni mgeni. Lakini binti simpi mtu wa huku. Duka walinichomea. Sasa niwape na mtoto?'*"

Kicheko kilikatika kote ukumbini. Katika mji ule, hakuna aliyehitaji kuelezwa ni ghasia za uchaguzi gani, wala kwa nini ziliyachagua maduka ya watu wa kabila la kutoka mbali.

Wangu alimtazama mama yake. Jacinta alikuwa ameketi wima, miwani puani, bila kupepesa.

"*Kijana hakukasirika,*" Okinyi aliendelea. "*Angekasirika, ingekuwa rahisi. Alijiuliza tu. Siku duka lilipochomwa, yeye alikuwa mtoto mdogo kijijini, akifukuza mbuzi kwenye mahindi. Vipi moshi ule umemfuata mpaka hapa? Akafikiri: nikimwambia msichana, atamkabili mama yake, na nyumba ile ya watu wawili itapata ufa. Afadhali ufa ukae kwangu. Akageuka na jogoo wake, akaenda zake.*"

Akakunja karatasi. "Asanteni."

Makofi yalilipuka nyuma, yakasambaa, yakafika mstari wa mbele na kufia hapo. Wangu aliiweka ndizi mapajani. Kwa hivyo alikuja. Alikuja mpaka getini, amejifuta vumbi viatuni.

"Maswali!" Daktari Waliaula alipaza sauti.

Mwanafunzi mmoja mwenye skafu shingoni alisimama. "Mwandishi, naomba kujua. Je, jogoo anaashiria uanaume uliokandamizwa katika jamii ya kisasa?"

"Hapana," alijibu Okinyi. "Jogoo ni jogoo."

"Mwingine? Naam, mama pale mbele. Tupe jina kwanza."

Wangu aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama.

"Mama, keti," alinong'ona.

"Mama Wangu," Jacinta alisema ndani ya maikrofoni.

"Asante," alisema Daktari Waliaula. "Tunamsalimia. Lakini nauliza jina lako, si la mama yako."

"Si ndiyo nimekuambia? Mama Wangu."

"Mama yako yuko hapa pia?"

"Mama yangu alikufa! Mimi ndiye Mama Wangu. Kondele nzima wananiita hivyo!"

"Kondele nzima ni ndugu zako?"

"Daktari, mtoto wangu anaitwa Wangu!" Akamwelekezea kidole. "Huyu hapa, wa ndizi!"

Ukumbi ulivunjika. Watu walishikana mabega, mpiga picha akaweka kamera chini, na Daktari Waliaula akatoa leso akajifuta machozi. Wangu alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na ndizi yake.

Jacinta alingoja watulie.

"Kwanza," alisema, "geti langu si bluu. Ni kijani."

Kicheko kikaanza tena, kisha kikapungua, kikapungua, kadiri watu walivyoelewa alichosema.

"Pili, kijana hajadanganya. Hayo maneno nilisema. Na duka lilichomwa kweli, na mapazia yote ndani, na cherehani ya marehemu mume wangu. Kwa hivyo asifikiri nimesimama hapa kukataa."

Okinyi alikuwa ameshika meza ya kusomea kwa mikono miwili.

"Lakini kijana, hadithi yako uliondoka kabla haijaisha. Jirani yangu ni Nabwire. Nilipomwambia hivyo, aliniuliza: 'Jacinta, na siku ile wewe na mtoto mlikaa kwa nani?' Nikanyamaza. Kwa sababu tulikaa kwa Aoko, muuza omena, vile visamaki vya ziwani. Aoko alimfunga huyu mtoto mgongoni na leso, akatoka nje akawaambia vijana wenye petroli, 'Huyu ni mjukuu wangu. Mnataka kumchoma mjukuu wangu?' Wakaondoka. Sasa, Aoko alikuwa mtu wa wapi kama si wa huku?"

Jacinta alivua miwani.

"Nikaingia jikoni nikaongeza nyama. Nikatoa zile sahani za kabati, ambazo hazitoki ila askofu akija. Nikajiambia, akifika nitamsalimia kwa lugha ya kwao. Nikangoja. Wewe hukuja. Nikasema, unaona? Nilikuwa nimesema kweli. Nikazirudisha sahani." Akavuta pumzi. "Hayo ndiyo yangu."

"Na swali lako, mama?" aliuliza Daktari Waliaula kwa upole.

"Swali langu. Yule jogoo alienda wapi?"

"Tulimla, mama. Na majirani zangu Nyalenda."

"Alikuwa mtamu?"

"Mimi... mimi sikuweza kumaliza paja."

"Pole," alisema Jacinta, akaketi. Wazazi waliokuwa nyuma yake wakampigia makofi.

Sasa macho yote yalikuwa kwa Wangu. Na Wangu, ambaye mtu angedhani moyo wake umelainika kama siagi juani, alikuwa anachemka. Alimkumbuka Dani Aoko, yule bibi aliyekuwa akimpa omena za kukaanga katika karatasi. Alikumbuka mazishi yake, na jinsi mama yake alivyojitupa chini akalia kuliko watoto wa marehemu, na alipouliza kwa nini, akaambiwa tu, "Alikuwa jirani mwema." Alikumbuka na usiku aliolowesha mto wa Valerie. Watu wawili aliowapenda kuliko wote duniani, kila mmoja alikuwa amekaa na kipande chake mfukoni.

Akanyoosha mkono.

"Uuui," Valerie alisikika kutoka nyuma.

"Naam, Wangu," alisema Daktari Waliaula. Hakuuliza jina.

Wangu alisimama. "Nina swali kwa mwandishi. Hadithi imeandikwa vizuri. Mama anaongea. Jirani anaongea. Kijana anaongea na moyo wake, tena kwa kirefu. Hata jogoo anawika. Msichana je?"

"Msichana?" alirudia Okinyi.

"Msichana. Ametumwa dukani. Mwandishi, kwa nini msichana hasemi hata neno moja?"

"Eeeeh!" Ukumbi mzima uliitikia kama kwaya.

Okinyi alizitazama karatasi zake zilizokunjwa.

"Kwa sababu kijana hakumuuliza," alisema mwishowe.

"Kwa nini hakumuuliza?"

"Aliogopa."

"Aliogopa nini?"

"Kwamba angelazimika kuchagua. Na kwamba angemchagua mama yake."

"Labda angemchagua mama. Labda angemchagua kijana. Labda angewakalisha wote wawili meza moja, awafungie mlango mpaka wamalize nyama. Ilikuwa kazi ya nani kuchagua?"

"Yake."

"Ya nani? Maikrofoni haijashika."

"Yako, Wangu," alisema Okinyi. "Ilikuwa yako."

"Nafikiri muda wetu umekwisha," alianza Daktari Waliaula.

"Waache wamalize!" alipiga kelele mzee mmoja aliyevaa kofia, ambaye alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake akieleza habari za mchwa.

"Nimemaliza," Wangu alisema, akaketi.

Daktari Waliaula alitazama programu yake, akaitazama tena, akatikisa kichwa. "Mabibi na mabwana, anayefuata, kutoka afya ya jamii... ni huyohuyo. Wangu, karibu."

Akapanda. Okinyi alikuwa akishuka, wakapishana kwenye ngazi nyembamba, na bila kumtazama, Okinyi akasema, "Slaidi ya tatu ina kosa la herufi. Niliiona uliponionyesha mwaka jana." Wangu karibu acheke. Karibu.

Mwanzoni aliharakisha. Lakini alipofika kwenye mitungi ya Nyalenda, kwa kina mama waliomruhusu kuingia vyumbani na kuchota kwenye ndoo zao, aliwasahau mama na kijana, akabaki na kazi yake. Alionyesha jinsi maji yanavyoharibika si bombani, bali kwenye mtungi usiosuguliwa ndani, na kwenye kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono. Profesa mmoja mkali wa mstari wa pili alimshika kwa maswali.

"Utajuaje si mvua iliyochafua sampuli zako?"

"Nilichukua za kiangazi na za masika, Profesa. Ziko slaidi inayofuata."

"Na unapendekeza nini? Usiniambie elimu kwa jamii, kila mtu husema hivyo."

"Ndoo yenye mfuniko na kibomba chini, ili mkono usiingie. Tulijaribu na nyumba chache. Uchafu ulipungua sana. Elimu walikuwa nayo, Profesa. Walichokosa ni mfuniko."

Profesa akainamisha kichwa, akaandika kitu. Jacinta alipiga makofi peke yake, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipiga, kisha mzee wa kofia akamsaidia.

Nje, nyuma ya maktaba, upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma. Wangu alikuwa amevua viatu. Mama yake alimkuta hapo kwanza.

"Umenikasirikia."

"Nimekukasirikia, Mama."

"Kwa nilichosema, au kwa nilichoficha?"

"Mbona hukuniambia kuhusu Dani Aoko? Nimekula omena zake miaka yote nikidhani ni omena tu."

Jacinta aliketi kando yake kwenye saruji, suti ya kanisa na yote. "Ningekuambia hilo, ungeuliza lingine. Na lingine. Nilitaka ukue bila harufu ya moshi. Kumbe moshi nilibaki nao mimi mdomoni."

Wangu akalaza kichwa kwenye bega la mama. Walikaa hivyo, mpaka kivuli cha mtu kikaonekana kwenye kona, kikarudi nyuma, kikaonekana tena.

"Toka huko, kijana," Jacinta aliita. "Usirudie tabia ya kusimama nje."

Okinyi akajitokeza, chupa za soda mikononi.

"Jumapili," Jacinta alimwambia, akisimama na kukung'uta sketi. "Mchana. Usilete kuku. Lete mdomo. Ukisikia neno baya, unaingia unaniuliza, 'Mama, umesema nini?' Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na mimi nikisikia wewe umemfanyia huyu ubaya, nitakuandika. Sijui kuandika hadithi, lakini nitajifunza."

Akachukua soda moja kutoka mkononi mwake, akaenda zake. Wakabaki wawili na chupa moja.

"Nisamehe," alisema Okinyi.

"Kwa lipi?"

"Kwa kuondoka pale getini."

"Hapana."

"Kwa kuandika?"

"Hapana. Uliandika vizuri, na hilo ndilo linaniudhi zaidi."

Okinyi akafikiri. "Kwa kukuamulia."

"Hapo sasa." Wangu alipokea chupa, akanywa. "Ulidhani unanilinda. Mama naye alidhani ananilinda. Mlinilinda mpaka nikabaki peke yangu, nalia kwa Valerie."

"Nilikuwa napita mbele ya hosteli yenu kila jioni."

"Valerie aliniambia."

"Alikuambia?"

"Nikamwambia afunge pazia."

Okinyi alicheka, na Wangu akashindwa, akacheka naye, kile kicheko cha mtu aliyelia karibuni.

"Niulize sasa," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Kile ulichopaswa kuniuliza siku ile."

Okinyi alichuchumaa mbele yake. "Wangu. Mama yako ana uchungu na watu wa kwetu, na mimi ni mtu wa kwetu. Tufanye nini?"

"Tungeingia pamoja. Tungekula kwa aibu, kimya, vijiko vikigonga sahani. Ungerudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Mama hawezi kununa akishiba. Ni udhaifu wake."

"Ni rahisi hivyo?"

"Si rahisi. Lakini ingekuwa yetu."

"Na sasa?"

"Sasa kaa hapa, uniambie lile kosa la herufi kwenye slaidi ya tatu, nimuue aliyepitisha."

"Ni wewe uliyeandika."

"Nilijua utasema hivyo," alisema Wangu, akamsogezea nafasi.

Jumapili ile Okinyi alikuja, akala, akaongezwa, akala tena. Nyingine pia. Alimsikiliza Jacinta akieleza jinsi duka lilivyokuwa kabla ya moto, rafu kwa rafu, na hakuwahi kumkatiza. Siku moja wakaenda wote watatu kwenye kaburi la Aoko na kulipalilia. Hakuna aliyelipanga, Jacinta aliamka tu asubuhi akachukua jembe.

Walipohitimu, ikawa zamu ya Katito. Mama yake Okinyi, Dorca, mkulima mrefu mwenye maneno machache, alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri, na alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe. Alimvuta mwanawe kando.

"Okinyi, huyo mama wa mjini nitaongea naye nini? Kiswahili changu ni cha kununulia chumvi tu."

Kabla hajajibiwa, Jacinta alikuwa ameingia uwanjani, mikono mbele.

"Oimore, min Okinyi! Idhi nade?"

Dorca alibaki mdomo wazi. Salamu ilikuwa ya Dholuo safi, yenye mbio za sokoni Kondele, isiyo na hata chembe ya kubabaika.

"Adhi maber," akajibu, kisha akamgeukia mwanawe. "Ati huyu si wa kwetu? Huyu ananishinda!"

Baada ya hapo hakuna aliyepata nafasi ya kusema. Wamama wale walianza na bei ya mahindi, wakaingia kwenye wajane na mashamba, wakamsengenya mchungaji fulani kwa heshima zote, na ugali ulipokuwa unaiva, Jacinta alikuwa tayari anapima madirisha ya Dorca kwa shubiri, akisema nyumba nzuri namna hii kukaa bila mapazia ni dhambi. Vijana waliokuwa sababu ya safari walisahauliwa kabisa.

Wangu na Okinyi wakatoroka. Walifuata njia ya ng'ombe mpaka mahali ambapo shamba linainuka kidogo na ziwa linaonekana mbali, jeupe kwenye jua la mchana. Okinyi alikuwa ameanza kazi ya kuhariri vitabu vya watoto mjini. Wangu alikuwa amepata ya kusimamia mradi wa ndoo zake, kwa sababu yule profesa mkali hakusahau.

Okinyi alisimama. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Wangu, nina jambo. Nimelifanyia mazoezi, lakini limenitoka lote."

"Basi sema lililobaki."

"Lililobaki ni swali tu."

"Uliza. Siku hizi unajua kuuliza."

"Utaolewa na mimi?"

Wangu alitazama ziwa. Akachuma jani, akalizungusha vidoleni.

"Hapana. Sitaolewa na wewe."

Okinyi alibaki kama aliyemwagiwa maji. Kutoka nyumbani, vicheko vya wamama wale wawili vilisikika mpaka huku.

"Sitaolewa," Wangu alirudia, akigeuka, uso wote ukiwaka, "kwa sababu nilisikia hadithi yako, nikaona nilivyokuwa mtendwa tu, na kuolewa ni kutendwa tena. Mimi nataka kitenzi kingine."

"Kipi?"

Akamshika mikono yote miwili.

"Tutaoana, Okinyi. Mimi na wewe. Tutaoana."